Sura ya Tano: Swali Hutoka Nje, Jibu Hutoka Nyumbani

Kutoka Mboko mpaka Kazimia, katika vikao vya msiba na vya arusi, liko swali moja ambalo watu wa Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, hawachoki kuliuliza: je, ndoa za babu zetu zilikuwa imara kuliko zetu, na kama zilikuwa imara, ni nani aliyetuletea hiyana hii inayowafanya mume na mke waliokula bugali katika sahani moja kwa miaka ishirini waachane kwa siku moja? Swali hilo aghalabu hufuatwa na la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: je, aliyeoa au kuolewa na mtu wa kabila jingine alijitafutia mwenyewe majonzi yake?

Wepesi wa kujibu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hulaumu vita, serikali, Wazungu na kambi za wakimbizi, likasema kwamba mtu hana hatia katika dunia iliyompindua kichwa chini. Na kundi la pili hulaumu tabia za watu, likasema kwamba mume mwovu ni mume mwovu hata angezaliwa peponi. Sura hii haikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Tukizipitia ndoa zetu kizazi kwa kizazi, tutaona kwamba kila zama zilileta mlangoni mwa watu weusi swali la kikatili juu ya rangi, nasaba au thamani ya mwenzao, nao hawakulitunga swali hilo; lakini jibu walilitoa wao wenyewe, na hiyana, pale ilipokuwapo, ilikaa katika jibu.

Kwa hiyana nakusudia kitu kimoja tu: kuivunja amana ambayo mwenzako aliiweka mikononi mwako kwa kukuamini. Zinaa ni aina moja ya hiyana, nayo huzungumzwa kuliko zote. Lakini ziko nyingine zinazotenda kazi kimya na kuumiza zaidi.

Kizazi cha misafara: muungwana na mtumwa

Mwaka 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walipovuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji wakafika Ubwari, waliyoidhania kuwa kisiwa hali ni rasi, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuzizoea njia za Tanganyika kwa ajili ya pembe za ndovu na watumwa. Baadaye Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikaa Ujiji na kueneza nguvu zake kaskazini mwa ziwa, mpaka aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya mfalme wa Wabelgiji, mwanzoni mwa mwaka 1894.

Misafara ile ilituletea lugha hii ninayoiandika na misikiti ambayo adhana yake husikika Baraka hata leo. Ilituletea pia ngazi ya kuwapanga watu: juu yake muungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru, katikati yule aliyeitwa mshenzi kwa kuwa hakuwa na dini wala mavazi ya pwani, na chini kabisa mtumwa. Mwanamke wa milimani aliyetekwa, hata kama alikuwa na mume na watoto, aliweza kugeuka suria, yaani mjakazi aliyelala na bwana wake pasipo mahari wala hiari. Sheria ya dini ilikataza suria aliyezaa na bwana wake asiuzwe, ikamhesabu mtoto wake kuwa huru, na bwana alipokufa naye mama akawa huru. Hiyo ilikuwa afueni kwa mama wa mtoto wa bwana. Lakini haikumrudisha kwa mume aliyebaki kilimani akimngoja.

Swali la zama zile, basi, lilikuwa hili: mke wako, au binti yako, ni mtu au ni mali? Wako waliojibu kwa kumtoa binti rehani, yaani kumweka kwa mtu mwingine kuwa dhamana ya deni au chakula cha wakati wa njaa, wasirudi kamwe kumgomboa. Na wako waliochanga mbuzi na pembe ukoo mzima wakamfuata ndugu yao. Watu wa aina zote mbili ni babu zetu. Asemaye kwamba ndoa za kale zote zilikuwa imara amewahesabu waliogombolewa, akawasahau waliotolewa rehani.

Kizazi cha Wabelgiji: kalamu na rangi

Dola ya Wabelgiji ilipokomesha biashara ya watumwa haikuiondoa ngazi. Iliichonga upya kwa rangi ya ngozi. Mtumishi wa serikali au wa kampuni aliyekuja bila mke alimweka nyumbani mwanamke mweusi, akamwita mtunza nyumba mbele ya watu, akazaa naye, kisha muda wake wa kazi ulipokwisha akapanda meli kwenda kwao. Watoto waliozaliwa hivyo, machotara, yaani wenye mzazi mmoja mweupe na mmoja mweusi, waliitia serikali hofu, kwa kuwa kuwapo kwao kulikanusha mpaka uliotiwa kati ya rangi na rangi. Kwa hiyo wengi wao walinyang'anywa mama zao wakapelekwa kulelewa na watawa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba dola ya Ubelgiji ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu kwa kuwachukua hivyo wanawake watano, kabla ya kutimiza miaka 7, na kuwapeleka misheni ya Katende, Kasai. Kasai ni mbali na Fizi, lakini siasa ile ilikuwa ya koloni zima.

Watu humwonea huruma mtoto, na wanafanya vema, ila humsahau mama. Mama huyo aliolewa baadaye na mtu mweusi mwenzake, akaingia katika ndoa akiwa na mtoto asiyetajwa. Na mume, badala ya kuuliza mtoto yuko wapi ili wamlilie pamoja, mara nyingi aliuliza kwa nini alilala na Mzungu, kana kwamba mwanamke yule alikuwa na nguvu ya kukataa. Mzungu aliiba mtoto. Mume aliyeuliza swali la pili akaacha la kwanza aliiba faraja.

Zama zile zilikuwa na kalamu pia. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi, na mbele ya meza ya karani mume aliulizwa: nani ndiye mke wako? Wake walioongezwa baada ya hapo bila kuandikwa walikuwa wanawake wasio na cheo mbele ya sheria, ijapokuwa mahari yao ilikuwa imelipwa na mbuzi wao walikwisha kuzaa katika zizi la baba mkwe. Wakati huohuo wanaume walikuwa wakienda kazini mbali, Albertville, ambayo leo ni Kalemie, au katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga. Huko wengine walifungua nyumba ya pili, na kwa mke wa kijijini wakatuma salamu bila fedha, kisha fedha bila salamu, kisha wakanyamaza.

*Kwa ufupi:* misafara iliuliza kama mke ni mtu au mali. Koloni iliuliza ni wa rangi gani, na ni yupi aliyeandikwa. Katika mara zote mbili aliyekaa ndani ya nyumba alipewa nafasi, hata ikiwa nyembamba, ya kusimama na mwenzake au kumwacha.

Kizazi cha uasi na vita: damu ya nani?

Wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 hukumbuka jinsi uasi wa Simba ulivyoteka Uvira na Albertville, na jinsi Fizi ilivyobaki kuwa ngome ya mwisho ya waasi, na jinsi Baraka ilivyochukuliwa mwezi Septemba 1965 na askari wa kukodiwa, Wazungu wengi wao wa Afrika Kusini na Rhodesia, chini ya Mike Hoare. Familia nyingi zilikimbilia msituni au ng'ambo ya ziwa, na huo ndio mwanzo wa ndoa zenye nusu moja Kigoma na nusu moja Fizi.

Jeraha la zama hizo lililokwenda ndani zaidi halikutoka kwa Wazungu wale. Miongoni mwa Banyamulenge, wafugaji wa nyanda za juu wasemao lugha iliyo karibu na Kinyarwanda, wako walioufuata uasi mwanzoni. Lakini ng'ombe wao walipochukuliwa na waasi, wengi waligeuka tangu mwaka 1966 wakapigana upande wa serikali. Babembe, walio wengi katika Fizi, waliita jambo hilo hiyana. Banyamulenge waliita kujiokoa. Juu ya ugomvi huo wa ng'ombe na silaha likapandikizwa fundisho la zama za ukoloni, lile lililosema kwamba baadhi ya watu weusi ni Wahamiti, yaani kizazi kilichotoka nje ya Afrika na kilichozaliwa kutawala, na wengine ni Wabantu waliozaliwa kutawaliwa. Fundisho hilo ni la uongo, lakini uongo ulioingia katika vitabu vya shule huzaa watoto wengi. Mwaka 1996 raia wa Banyamulenge waliuawa Baraka na Lweba; na katika siku za mwisho za mwaka 1998 na za kwanza za mwaka 1999 raia wengi, Babembe wengi wao, waliuawa Makobola na waasi waliotawala wakati ule. Wafu wa pande zote mbili wana haki ya machozi yetu, na mwandishi anayewahesabu wa upande mmoja tu anaandaa makaburi mengine.

Sasa tuyatazame mambo haya yakiwa juu ya mkeka. Wazee wameketi, mbuzi wa mahari wamefungwa chini ya mti, na bahasha ya fedha imewekwa mezani. Mposaji na posa yake wametajwa, na kila mtu anatabasamu, mpaka shangazi wa binti anapoinua kichwa na kuuliza kwa upole: "Baba, huyu mtoto wenu ni wa upande gani?" Mjomba wa kijana anataja kijiji. Shangazi anasema, "Kijiji tumesikia. Mama yake je?" Hapo kimya kinaingia barazani, kwa sababu mama wa kijana ni wa nyanda za juu, na kila aliyeketi pale anamjua mtu aliyekufa. Binti anasikia yote kutoka chumbani. Neno atakalolisema baba yake baada ya kimya hicho litakaa katika ndoa ile, ikifungwa, kwa miaka arobaini.

Ndoa kati ya jumuiya hizi mbili hazikuwa nyingi hata kabla ya vita, na zilizokuwapo ziliulizwa swali la kutisha kuliko yote: utamlinda mke wako mbele ya ndugu zako, au utawalinda ndugu zako dhidi ya mke wako? Mume aliyemwambia mkewe "rudi kwenu," akijua kwamba njia ya kwao imejaa watu wenye mapanga, hakutenda hiyana ndogo kuliko mzinzi. Na aliyemtia mkewe katika mtumbwi usiku, akamfikisha ng'ambo salama, kisha akarudi kukabili hasira ya ukoo wake, alitimiza fadhila ambayo haina nishani, lakini watoto wake wanaijua.

Kizazi cha kambi: kadi na ndege

Vita vya 1996 viliwapeleka watu wengi wa Fizi Tanzania, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma. Kambini, uhai wa nyumba uko katika kadi ya mgao, yaani kadi inayoonyesha familia ina watu wangapi na itapimiwa unga, maharagwe na mafuta kiasi gani. Mwanamume aliyefika peke yake, asijue kama mkewe yu hai, alikaa mwaka, akakaa wa pili, kisha akamwandika mwanamke mwingine katika kadi. Na simlaumu aliyetafuta habari kwa bidii akazikosa. Lakini mwezi Oktoba 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilipoanza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wako walioshuka bandarini wakiwa na familia ambayo waliowangoja ufukweni hawakuwa na habari nayo. Yule aliyebaki, aliyelala msituni na kulinda shamba la mihogo, aliijua ndoa mpya ya mumewe kwa kumwona mtoto aliyebebwa mgongoni na mwanamke mwingine.

Wengine hawakurudi bali walipata nafasi ya kuhamia Marekani. Nchi ile haikubali wake wawili; kwa hiyo mwenye wawili aliulizwa tena swali lilelile la karani wa 1950: nani ndiye mke wako? Wengi walimchagua kijana, au mwenye watoto wengi, au aliyejua kusoma, na aliyebaki akaahidiwa fedha za kila mwezi. Ahadi hiyo ni amana kamili. Anayeitimiza ametenda haki katika hali isiyo ya haki. Anayebadili namba ya simu ameuza watu kwa bei ya tikiti ya ndege, ambayo hata hakuilipa yeye mwanzoni.

Huko Marekani rangi huwakuta kwa sura mpya. Mbembe na Munyamulenge, waliotengwa na damu nyumbani, wanajikuta wote wawili wakiitwa watu weusi tu, wakifanya kazi ya usiku katika kiwanda kimoja cha nyama, wakitazamwa kwa shaka dukani kwa sababu moja. Mume aliyekuwa mzee wa baraza anaamriwa na kijana. Anarudi nyumbani na fedheha hiyo, akaitua juu ya mkewe, ambaye naye ameamriwa hivyohivyo kazini kwake. Fedheha ilitoka nje. Kofi lilitoka kwake.

Usiku wa Fizi

Turudi nyumbani. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wengi katika mji wa Fizi. Mwezi Februari mahakama ya kijeshi ililetwa Baraka kuwahukumu, wanawake 49 wakatoa ushahidi, na tarehe 21 kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Afisa wa cheo chake kuhukumiwa hivyo, karibu na waliodhulumiwa, lilikuwa jambo la nadra katika Kongo yetu, nalo linastahili kukumbukwa kwa heshima ya wanawake waliothubutu kusema.

Lakini hapakuwapo mahakama kwa ajili ya waume waliowaacha. Katika Kivu ya Kusini nzima, kama wanavyojua wauguzi wa Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, mwanamke aliyebakwa huogopa mara mbili: kwanza bunduki, halafu uso wa mumewe. Ataambiwa kwamba ameleta maradhi na aibu. Ataulizwa kwa nini hakukimbia, na anayeuliza ni mume aliyekimbia yeye mwenyewe, au aliyefungwa kamba asiweze kumsaidia, naye anamchukia mkewe kwa kuwa alikuwa shahidi wa unyonge wake. Nauhurumia unyonge huo kwa moyo wangu wote. Lakini sitauita sababu. Hapa ndipo tofauti ya swali na jibu ilipo wazi kama jua: askari alitenda jinai, naye mume anayemfukuza aliyejeruhiwa hutenda hiyana, na dhambi ya mmoja haifuti ya mwenzake. Wako waume waliofuatana na wake zao mpaka hospitali, wakangoja nje kwenye benchi, wakarudi nao nyumbani. Hao ndio waliotufundisha kwamba jibu jingine liliwezekana.

Watoto hurithi nini?

Watoto hawarithi tukio. Hurithi maelezo ya tukio. Mtoto aliyeambiwa "baba yako alituacha kwa sababu watu wa kabila lao ndivyo walivyo" atakapokuwa mkubwa atamwogopa au kumdharau kila mtu wa kabila hilo, na kwa kuwa damu hiyo ni nusu yake mwenyewe, atajidharau naye. Aliyeambiwa "vita ndivyo vilivyofanya" atajifunza kwamba hakuna mtu anayewajibika, na siku yake ya kujaribiwa atasingizia zama zake. Na yule asiyeambiwa lolote atatunga maelezo yake peke yake, aghalabu akijitia hatiani.

Sheria nayo huwafundisha watoto. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 iliadhibu zinaa ya mke kwa vyovyote, na ya mume pale tu ilipoandamana na matusi makubwa. Na ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kwenda mahakamani au kufunga mkataba. Idhini hiyo iliondolewa katika marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Binti aliyekua akiona amana ya mama yake ikipimwa kwa mizani moja na ya baba yake kwa mizani nyingine alijifunza somo la ndoa kabla ya kuposwa.

*Kwa ufupi:* mweleze mtoto mambo mawili kwa pamoja, bila kulificha lolote: nani aliyeleta shida mlangoni, na kila aliyekuwamo ndani alifanya nini.

Maswali ya kujibiwa kabla ya mahari

Wazee wa Babembe wana lubunga, yaani baraza la kuzungumzia mambo mazito, nazo jumuiya nyingine zina mabaraza yao. Nawasihi wazee hao na vijana wanaoposana watoe saa moja, kabla ya mbuzi kufunguliwa, kwa maswali haya:

1. Ukoo wangu ukimtukana mwenzangu kwa kabila lake au rangi yake, nitasema nini, na nitasema mbele ya nani?
2. Vita vikitutenga, tutatafutana kwa njia gani, na tutangojana muda gani kabla ya yeyote kujihesabu huru?
3. Mmoja wetu akidhulumiwa mwilini, tunaahidiana kwamba aibu itakuwa ya aliyedhulumu?
4. Mmoja akitangulia nchi ya mbali, atakayebaki ana haki gani ya fedha, ya habari na ya ukweli?
5. Ndoa yetu imeandikwa kwa ofisa wa serikali, au inategemea kumbukumbu za watu wanaoweza kufa?

Labda mtu ataniambia kwamba maswali haya yanaita msiba. Msiba ulikwisha kufika mara nyingi pasipo kuitwa, na kila ulipofika uliwakuta watu wakitafuta jibu lao kwa mara ya kwanza, usiku, kwa hofu, ndugu wakipiga kelele mlangoni. Na mtu anayejibu katika hali hiyo hujiokoa mwenyewe kwanza. Waliokwisha kujibu pamoja mchana wana neno la kushikamana nalo. Haliwezi kuzuia askari, wala karani, wala ndege. Lakini humfanya kila mmoja ajue amana aliyoichukua, na akiivunja, asiweze kudai kwamba hakuijua.